Bastola iko rehani na mdogo wangu ana kesi: aikomboe au aiache?

Swali

Wanasheria wa safu hii, salaam.

Mimi na mdogo wangu wa kiume tunaishi Houston, Texas. Kwetu ni Tanga. Mimi nimeshapata uraia, yeye ana grini kadi aliyoipata kwa bahati nasibu. Mwezi wa tatu alikamatwa kwa tuhuma za wizi kazini. Wanasema mali ya dola 4,000 na ushee. Alilala ndani siku mbili, tukamtoa kwa dhamana. Pesa ya kumlipa mdhamini ilipungua, akaiweka rehani bastola yake kwa dola 250. Bastola ni ya halali, aliinunua dukani na karatasi zake anazo.

Mwezi wa tano ikaja barua kwamba baraza kuu la mahakama (jopo la wananchi wanaoamua kama mtu ashtakiwe) limepitisha hati ya mashtaka. Wakili aliyepewa na mahakama ana kesi tele, kumpata kwenye simu ni bahati. Mdogo wangu anafanya kazi ya usiku kwenye kituo cha mafuta na anataka kuikomboa bastola kabla tarehe ya rehani haijapita. Msikitini nikaambiwa mtu mwenye kesi haruhusiwi. Shemeji yangu akanicheka. Akanionyesha kwenye simu habari ya mwaka 2022 kwamba jaji wa huku huku Texas alisema sheria hiyo inavunja Katiba, kwa hiyo imeshakufa. Tena anasema kosa la mdogo wangu ni la "jela ya jimbo", adhabu ndogo, halihesabiki.

Nauliza: sheria ipo au haipo? Kukomboa mali yako mwenyewe kunakuwaje kosa? Kama yeye hawezi, niende mimi kwa jina langu kisha nimkabidhi? Na chumbani kwake kuna shotigani tangu 2021, niitoe? Naogopa wasije wakamdipoti kwa jambo la dola 250.

Dada Mtu, Houston

Jibu

Dada Mtu, tuanze na lile lenye tarehe: mdogo wako asiende kukomboa bastola, na wewe usiende kuikomboa ili umpe. Shotigani ina jibu lake, na si sawa na la bastola.

Sheria yenyewe ni ya serikali kuu ya Marekani, kifungu cha 922(n) cha juzuu ya 18 ya sheria za nchi hiyo. Mitaani husemwa "mwenye kesi haruhusiwi kuwa na bunduki", lakini kifungu hakisemi hivyo. Kinamkataza mtu aliyefunguliwa hati ya mashtaka, kwa kosa linaloweza kumpa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, kufanya mambo mawili. La kwanza ni kusafirisha silaha au risasi kutoka jimbo moja kwenda jingine, au nje ya nchi. La pili ni kupokea silaha au risasi ambayo imewahi kuvuka mpaka wa jimbo au wa nchi. Kuwa nayo tu hakumo. Neno hilo limo kwenye kifungu jirani, 922(g), kinachowahusu waliokwisha kuhukumiwa na makundi mengine. Kwa hiyo silaha ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya hati ya mashtaka, 922(n) haimnyang'anyi. Kinachozuiwa ni mpya kuingia mkononi, au ya zamani kuingia tena.

Usitegemee hilo la kuvuka mpaka. Bastola iliyotengenezwa nje ya Texas imeshavuka, hata kama ilivuka miaka 20 kabla mdogo wako hajaiona.

Hoja ya shemeji kuhusu "jela ya jimbo" haina mguu. Texas, wizi wa mali ya kuanzia dola 2,500 hadi chini ya dola 30,000 ni kosa kubwa la jinai la daraja la jela ya jimbo, na adhabu yake ni siku 180 hadi miaka 2. Kipimo cha sheria ya serikali kuu ni adhabu ambayo jaji anaweza kuitoa, si ile anayotarajiwa kuitoa. Miaka 2 inazidi mmoja. Ipo nafuu kwa makosa ya jimbo yenye adhabu isiyozidi miaka 2, lakini ni kwa yale ambayo jimbo lenyewe limeyaita makosa madogo. Hili Texas imeliita kubwa.

Angalia sasa tarehe zako. Alipoweka rehani mwezi wa tatu alikuwa amekamatwa tu. Kukamatwa hakuwashi 922(n). Kinachoiwasha ni hati ya mashtaka ya baraza kuu, au hati inayofunguliwa na mwendesha mashtaka mwenyewe pale mshtakiwa anapoacha haki yake ya kupelekwa mbele ya baraza. Angeikomboa mwezi wa nne, kifungu hiki kisingemgusa. Tangu mwezi wa tano kinamgusa.

"Lakini ni mali yake." Ndiyo, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliisikia hoja hiyo mwaka 1974 katika kesi ya Huddleston, mtu wa California aliyeweka rehani bunduki za mkewe. Aliporudi kuzikomboa alijaza fomu ya serikali akaficha kwamba alikuwa na hukumu ya zamani. Alijitetea kwamba kukomboa si kununua. Mahakama ikasema kukomboa kutoka duka la rehani ni kuipata silaha kwa maana ya sheria ile, na uongo kwenye fomu ni kosa. Ndiyo maana mpaka leo mwenye duka la rehani humpa mkombozi fomu ile ile anayopewa mnunuzi, Fomu 4473, na humpitisha kwenye ukaguzi wa FBI.

Fomu hiyo ndiyo inayowanasa wengi kuliko kifungu chenyewe. Inauliza waziwazi kama una hati ya mashtaka katika mahakama yoyote kwa kosa ambalo jaji anaweza kukufunga zaidi ya mwaka mmoja. Akijibu ndiyo, hapewi. Akijibu hapana, ametoa maelezo ya uongo kwa muuza silaha mwenye leseni, na adhabu inafika miaka 10. Kupokea kwenyewe, yaani 922(n), ni hadi miaka 5. Mwongo anaadhibiwa mara mbili ya mpokeaji.

Wala asihesabu kwamba mfumo ukimruhusu ndiyo ruhusa. Jibu la FBI huwa la aina tatu: endelea, amekataliwa, au subiri. Likiwa "subiri" na siku 3 za kazi zikapita bila jibu la mwisho, sheria ya serikali kuu inamwachia mwenye duka hiari ya kukabidhi silaha. Watu hutoka wakijiona wamepona. Siku chache baadaye hati ya mashtaka inaonekana kwenye kumbukumbu, taarifa inakwenda ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, na maofisa wanafika wakiwa na fomu yenye sahihi yake. Kesi ya Quiroz, ambayo ndiyo habari aliyokuonyesha shemeji, ilianza hivyo hasa: jibu la kusubiri, silaha ikatoka, kisha taarifa.

Kuhusu wewe kwenda badala yake. Fomu inauliza kama wewe ndiye unayeichukua silaha kwa ajili yako. Ukisema ndiyo huku unakwenda kumkabidhi mdogo wako, umedanganya. Ukimkabidhi unajua ana hati ya mashtaka, umevunja 922(d), kifungu kinachokataza kumpa silaha mtu wa namna hiyo, hadi miaka 15. Na tangu mwaka 2022 Bunge lilipotunga kosa maalumu la kumnunulia silaha mtu aliyezuiwa, kipo kifungu kingine cha miaka 15 kinachomsubiri mtu kama wewe. Yaani wewe mwenye nia njema ungekabiliwa na adhabu mara tatu ya yeye mwenye kesi. Wapo watakaokushauri uiache rehani ife, kisha uinunue rafuni kama mteja wa kawaida. Ukiinunua kwa pesa yako, ikae kwako, iwe yako, si kosa. Ila mbele ya mpelelezi, dada aliyenunua bastola ile ile ya mdogo wake wiki ambayo rehani ilikufa ana maelezo marefu ya kutoa. Sisi tusingegusa.

Fanya hivi: mpigie mwenye duka simu, ulizeni ada ya kuongeza muda wa rehani, na mlipe tu kama bastola inastahili. Msipolipa, duka linaichukua na habari imekwisha. Deni la rehani haliwafuati nyumbani. Dola 250 mmeshazipata.

Katika barua yako kuna neno moja linalotutisha kuliko yote: grini kadi. Sheria ya uhamiaji ina orodha ya makosa yanayoitwa makosa mazito ya jinai, na mwenye kadi akipatikana na hatia ya mojawapo anafukuzwa nchini, karibu bila njia ya kuombewa huruma hata kama ana watoto raia. 922(n) imetajwa humo kwa herufi yake. Wengi wetu huamini orodha hiyo ni ya wauaji na wauza unga. Mtu aliyekomboa bastola yake mwenyewe yumo. Tena kinachoangaliwa ni hali yake siku aliyoipokea: kesi ya wizi ikifutwa baadaye, kosa la kupokea halifi nayo.

Sasa Katiba.

Shemeji hakukudanganya, amechelewa tu. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ya Bruen. Ikasema sheria inayogusa haki ya silaha chini ya Marekebisho ya Pili ya Katiba haitapimwa tena kwa faida zake kwa usalama. Serikali ionyeshe kwamba inalingana na desturi ya kihistoria ya nchi hiyo ya kudhibiti silaha. Mawakili wa utetezi wakaanza kufukua. Katazo la mwenye hati ya mashtaka lilionekana bovu kwa kipimo hicho, kwa sababu ni la karne ya 20: sheria ya mwaka 1938 iliwagusa walioshtakiwa kwa makosa ya ukatili peke yake, mwaka 1961 sharti la ukatili likaondolewa, na mwaka 1968 katazo la kupokea likaongezwa. Septemba 2022 Jaji David Counts wa mahakama ya wilaya ya shirikisho magharibi mwa Texas akatamka katika kesi ya Quiroz kwamba 922(n) inavunja Katiba. Mwezi wa kumi na moja jaji wa Oklahoma akafika huko huko katika kesi ya Stambaugh. Majaji wengine walikataa.

Hoja yao si ya kipuuzi. Baraza kuu la mahakama husikiliza upande mmoja tu, wa mwendesha mashtaka. Mshtakiwa hana wakili mle ndani, hakuna jaji anayepima ushahidi, na kinachotafutwa ni sababu ya kutosha ya kushtaki, si hatia. Kumvua mtu haki ya kikatiba kwa karatasi ya namna hiyo, ilhali anahesabiwa hana hatia, kuna ugumu wake.

Ila hukumu ya jaji wa wilaya haimfungi jaji mwingine hata wa jengo lile lile, achilia mbali kufuta sheria. Serikali ilikata rufaa. Juni 2024 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 kwa 1, ikaamua kesi ya Rahimi: mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda, na serikali haihitaji kuleta pacha wa kihistoria wa sheria yake, inatosha kanuni ya msingi ifanane. Hilo likalegeza kamba. Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya Kanda ya 6 ikaidhinisha 922(n) katika kesi ya Gore. Januari 2025 Kanda ya 5, ambayo Texas imo, ikatengua hukumu ya Jaji Counts. Habari aliyonayo shemeji kwenye simu ni ya hukumu iliyokwisha kuanguka.

Mahakama hizo zilishika historia ya mahabusu. Enzi za waasisi, walioshtakiwa kwa makosa mazito, mengi yakiwa ya kunyongwa, walikaa ndani hadi kesi iishe, na aliye ndani hana bunduki. Kama dola iliweza kumzuia mtu mzima mzima, inaweza kuzuia kitu kidogo zaidi. Unaweza kubisha, maana wa makosa mepesi waliachiwa kwa dhamana tangu sheria ya mwaka 1789, na mdogo wako hakushtakiwa kwa kumwaga damu ya mtu. Lakini tazama jinsi serikali ilivyoieleza 922(n): ni ya muda, inaisha na kesi, na haimnyang'anyi mtu alichonacho. Ule upenyo unaomwachia mdogo wako shotigani ndio ulioisaidia sheria isimame.

Je, mlango umefungwa? Kwa pingamizi la kusema kifungu chote ni batili kwa kila mtu, Kanda ya 5, ndiyo, mpaka majaji wote wa kanda wakae pamoja au Mahakama ya Juu iseme vingine. Pingamizi la kusema ni batili kwa mtu fulani na shtaka lake fulani bado huwasilishwa. Linawasilishwa hivi: aliyekwisha kushtakiwa kwa 922(n) anaomba kwa maandishi, kabla ya kesi kusikilizwa na ndani ya muda aliopanga jaji, kwamba shtaka lifutwe kwa mujibu wa Kanuni ya 12 ya mwenendo wa jinai wa shirikisho. Asipoomba mapema, kwenye rufaa anakuta kipimo kigumu cha kosa la dhahiri. Akiamua kukiri kosa, wakili aombe ukiri wa masharti chini ya Kanuni ya 11, unaohitaji ridhaa ya serikali na ya jaji, ili hoja ibaki hai. Zote hizo ni silaha za mtu aliyekwisha kunaswa. Hakuna fomu ya kuomba Katiba ikuruhusu kabla ya kwenda dukani.

Na hata hoja ikishinda, haifuti uongo. Kesi ya Holden ya Indiana ni somo: jaji wa wilaya alifuta shtaka la kudanganya kwenye fomu kwa sababu aliona 922(n) ni batili. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Kanda ya 7 ikalirudisha shtaka: mtu haruhusiwi kudanganya kwenye swali la kweli eti kwa kuwa sheria iliyo nyuma ya swali huenda ni batili.

Tukumbushe kitu kimoja cha pembeni. Septemba 2023, Donald Trump akiwa na hati nne za mashtaka, alipita duka la silaha South Carolina na msemaji wake akaandika mtandaoni kwamba amenunua bastola. Muda si mrefu maneno yakafutwa, ikaelezwa kwamba hakununua. Kifungu kilichozungumzwa siku hiyo kilikuwa hiki hiki.

Turudi chumbani, kwenye shotigani. 922(n) inaiacha. Karatasi ya dhamana huenda haiiachi. Mahakimu wa Texas wana mamlaka ya kuweka masharti, na "hakuna silaha" ni sharti la kawaida. Itafute karatasi hiyo leo, usome kila mstari. Kama hamna nakala, ofisi ya karani wa mahakama inayo. Likiwemo, shotigani itoke, na itoke vizuri: wakili ajue, uichukue wewe mwenyewe, ikae nyumba nyingine kwenye kabati la kufuli ambalo yeye hana ufunguo. Na ikishatoka hairudi hadi kesi iishe, maana kumrudishia ni kumfanya apokee, na wewe umerudi kwenye miaka yako 15. Sharti lisipokuwemo, iache ilipo. Asisafiri nayo kwenda kuwinda Louisiana. Asihamie nayo Ohio kwa binamu bila kuuliza, kwa sababu sheria ya Ohio inakataza hata kuwa na silaha kwa mwenye hati ya mashtaka ya ukatili au ya dawa za kulevya. Kila jimbo lina yake.

Wakili yule mgumu kupatikana mwandikie barua pepe ya mistari mitano: mteja ana grini kadi, bastola iko rehani tangu mwezi wa tatu, shotigani iko nyumbani, tunaomba ushauri kabla ya makubaliano yoyote. Tangu hukumu ya Padilla ya mwaka 2010 wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini. Hasa muulize juu ya hukumu ya kuahirishwa, ile ya "kiri, kaa vizuri chini ya uangalizi, kesi itafutwa". Texas huitoa mara nyingi na wakili atasema si hatia. Kwa uhamiaji ni hatia, mara tu anapokiri na kuwekewa masharti. Na kwa silaha, Kanda ya 5 iliamua katika kesi ya Valentine ya mwaka 2005 kwamba aliye kwenye uangalizi huo bado yuko chini ya hati ya mashtaka. Uangalizi ukiwa wa miaka mitatu, katazo la kupokea ni la miaka mitatu. Akihukumiwa moja kwa moja, 922(g) inamvua silaha zote, shotigani ikiwemo.

Kosa la 922(n) linadai kwamba mtu alijua anachofanya ni haramu, ingawa si lazima ajue namba ya kifungu. Ambaye hajui ana pa kujitetea. Mdogo wako, ukimsomea barua hii, hana tena.

Hatujagusa risasi, na hizo huwaponyoka watu kwa sababu hazina fomu. Texas anaingia dukani, analipa, anatoka na kisanduku cha risasi 25 za shotigani. Hakuna aliyemuuliza kitu, na kwa 922(n) amepokea.